Jaji aliyesikiliza kesi ya mabomu ya Nairobi na Dar: alifikaje pale, na mamlaka yake yaliishia wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Agosti 7, 1998 nilikuwa darasa la tano, Kinondoni. Madirisha yalitetemeka na mwalimu wa zamu akatuamuru tulale chini. Mzee wangu mpaka leo husema kesi ile iliamuliwa New York na jaji mmoja mzee ambaye hata rais wa Marekani hakuweza kumgusa. Ni kweli? Mtu anafikaje kwenye kiti hicho, na kazi yenyewe ikoje? Na kama alikuwa na nguvu zote hizo, mbona Mtanzania mwenzetu aliyetiwa hatiani hakuuawa? Halafu nimetafuta video ya siku ya hukumu, sijaiona popote.

JIBU: Marahaba. Mzee wako amepatia nusu. Kwamba rais hakuweza kumgusa, hilo ni kweli tupu. Kwamba kesi "iliamuliwa na jaji", hapo ameteleza, na kuteleza huko ndiko kunakoficha jibu la swali lako la kifo. Nivumilie nianze na mtu mwenyewe.

Jaji aliitwa Leonard Sand, wa mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ya New York Kusini. Wenyewe wanaiita "mahakama ya wilaya", na jina hilo lisikupoteze. Hapa kwetu ukisikia mahakama ya wilaya unamwona hakimu mwenye rundo la mafaili ya wizi wa pikipiki na kutukanana hadharani. Kule ndiyo ngazi ambako kesi nzito za serikali kuu zinaanzia: mashahidi wanaapishwa, vielelezo vinapokelewa, mtu anakaa uso kwa uso na anayemshtaki. Ukitaka kuilinganisha, iweke jirani na Mahakama Kuu yetu inapoketi kusikiliza kesi ya mauaji. Nchi nzima ina wilaya 94 za aina hiyo, na viti vya majaji visivyofika 700.

Sand alizaliwa New York, Mei 1928. Alisoma biashara katika Chuo Kikuu cha New York akamaliza mwaka 1947, kijana wa miaka 19, kisha akaenda Harvard kusoma sheria na kutoka mwaka 1951. Kilichofuata nataka ukishike, kwa sababu ndiyo njia wanayopita wengi wa majaji hawa. Mwaka 1952 akawa msaidizi wa sheria wa jaji. Msaidizi ni kijana aliyetoka chuo juzi, anakaa ofisini mwa jaji mwaka mmoja hivi, anasoma kila kinachowasilishwa na mawakili, anachimba kesi za zamani, anaandika rasimu ambazo jaji atazikatakata kwa kalamu. Mshahara ni wa kawaida, lakini mwaka mmoja pale unamfundisha mtu jinsi uamuzi unavyopikwa kabla haujapakuliwa.

Jaji aliyemchukua ni Irving Kaufman, katika mahakama hiyohiyo. Mwaka 1951 Kaufman ndiye aliyewahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg, mume na mke walioshtakiwa kula njama ya kuwapa Warusi siri za bomu la atomiki. Waliuawa kwenye kiti cha umeme Juni 1953. Kwa hiyo Sand alikuwa ofisini mle kipindi ambacho maombi ya kuwanusuru wale wawili bado yalikuwa yanagonga mlango. Yalimwingiaje moyoni? Siwezi kukwambia, hakuniambia. Ila miaka karibu 50 baadaye kifo kilikuja kukaa tena mbele yake, safari hii yeye ndiye mwenye joho.

Baada ya hapo alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu kwa muda mfupi. Toka 1956 hadi 1959 alikuwa Washington, kwenye ofisi inayoitetea serikali mbele ya Mahakama ya Juu, halafu akarudi New York kufanya uwakili wa kujitegemea kwa miaka 19. Kazi yake iliyovuma katika kipindi hicho ni kesi ya kituo kimoja cha redio kilicholalamika kwamba bunge la jimbo la New York limegawanywa kwa namna inayofanya kura ya mtu wa shamba iwe nzito kuliko kura ya mtu wa mjini. Sand alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kuwatetea walalamikaji, na mwaka 1964 walishinda.

Sasa, kiti chenyewe. Katiba ya Marekani haisemi jaji wa shirikisho awe na miaka mingapi, wala haisemi awe mwanasheria. Hapa Tanzania na Kenya sheria inadai miaka 10 ya uzoefu kwa jaji wa Mahakama Kuu, na Kenya wamezoea kuwaona waombaji wakibanwa maswali mbele ya kamera na Tume ya Huduma za Mahakama. Kule rais anapendekeza jina, Seneti inathibitisha, basi. Kwa maandishi ndivyo. Kwa vitendo, mlinzi wa mlango ni seneta wa jimbo husika. Kamati ya Seneti ina desturi ya kuwapelekea maseneta wawili wa jimbo karatasi ya rangi ya buluu kuwauliza kama wanaridhika na mtu huyo. Karatasi isiporudi, safari inaweza kuishia hapo, na hakuna kifungu cha Katiba kinachotaja karatasi hiyo. Mwanasheria anayeutaka ujaji bila kujuana na mtu yeyote kwenye siasa za jimbo lake atasubiri sana. Sand aliteuliwa na Rais Jimmy Carter na kuthibitishwa Mei 1978, akiwa anatimiza miaka 50.

Kuanzia siku ile, mzee wako ana haki ya kusema alivyosema. Katiba inasema majaji hawa watakaa kazini "wakati wa mwenendo mwema", maana yake maisha, na mshahara wao hauwezi kupunguzwa wakiwa kazini. Rais hawezi kuwafukuza, hata rais aliyewateua. Njia ni moja: Bunge limshtaki, Seneti imwondoe kwa theluthi mbili. Toka nchi hiyo iundwe, majaji wa shirikisho walioondolewa kwa njia hiyo ni wanane tu. Kuna jaji mmoja wa Nevada, Harry Claiborne, alifungwa kwa makosa ya kodi na akaendelea kupokea mshahara wake akiwa gerezani, kwa sababu hakujiuzulu. Ilibidi Seneti ikae Oktoba 1986 imng'oe ndipo malipo yakakatika. Wanafunzi wangu walikuwa wakiangua kicheko kila nikiwasimulia hiyo, halafu kicheko kinapoa wanapoelewa kwamba uzio uleule uliomlinda Claiborne ndio uliomlinda jaji aliyewaudhi wakubwa kwa kufuata sheria.

Jaji wa Mahakama Kuu Tanzania anastaafu akiwa na miaka 60, wa Kenya 70. Huyu wa kwao hana mwisho, lakini ana mlango wa pembeni. Akifikisha miaka 65 na ametumikia 15, anaweza kuchukua hadhi ya jaji mwandamizi: kiti chake kinahesabiwa kiko wazi rais ateue mwingine, yeye anabaki na joho, ofisi na wasaidizi, na anachagua abebe mzigo kiasi gani. Piga hesabu ya Sand: kuzaliwa Mei 1928, kuthibitishwa Mei 1978. Miaka 65 na miaka 15 ilimtimia mwezi mmoja. Alichukua uandamizi mwaka huohuo, 1993. Kwa hiyo kesi ya mabomu ilipofunguliwa Februari 2001, aliyekaa kitini alikuwa mzee wa miaka 72 ambaye angeweza kuwa nyumbani anamwagilia maua, na mshahara unaingia vilevile.

Usidhani siku za jaji huyu ni za mabomu na majasusi. Kesi zinagawiwa kwa bahati nasibu, New York wanaiita "gurudumu", kwa hiyo asubuhi unaweza kupata ugomvi wa hisa, mchana mzigo wa heroini, jioni mfungwa anayelalamikia chakula. Kesi nyingi mno hazifiki kwenye ushahidi kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya washtakiwa wanaotiwa hatiani katika mahakama hizi wanakiri wenyewe baada ya mapatano na waendesha mashtaka, na kazi kubwa ya jaji inakuwa kuhakikisha anayekiri anajua anachokiri, halafu kupima adhabu. Na mara nyingine gurudumu linakuletea swali ambalo hukuwahi kufikiri litaulizwa. Mwaka 1990 Sand aliamua kwamba kuombaomba ndani ya treni za chini ya ardhi ni kusema, na kusema kunalindwa na Katiba, kwa hiyo ombaomba wasizuiwe moja kwa moja. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikautupa uamuzi wake. Hiyo ni hali ya kila siku ya jaji wa ngazi ya kwanza: juu yake kuna watu watatu wenye muda wa kusoma taratibu kile alichoamua kwa haraka.

Lakini ukitaka kuona uzito wa kiti hicho, acha kwanza mabomu, twende Yonkers.

Yonkers ni mji unaopakana na Bronx kwa upande wa kaskazini. Mwaka 1980 serikali kuu iliushtaki mji huo kwamba kwa miaka 40 umekuwa ukijenga nyumba za watu wa kipato cha chini upande mmoja tu, kusini-magharibi, ili Weusi na Walatino wabaki huko, na shule zikafuata mkondo huohuo. Mwaka 1985 Sand aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 600 akasema ndiyo, mji umebagua, na umebagua kwa makusudi. Akaagiza nyumba 200 za umma zijengwe upande wa Wazungu. Madiwani wakakubali kwa maandishi, halafu wapiga kura wao walipochachamaa, wakakataa kupitisha sheria ndogo ya kuyatekeleza waliyoyakubali.

Jaji anafanya nini hapo? Hana polisi wake, hana tingatinga. Ana kitu kimoja, kosa la kudharau mahakama. Agosti 1988 Sand aliupiga mji faini ya dola 100 siku ya kwanza, na kila siku inayofuata faini iongezeke mara mbili. Dola 100 zinasikika kama mzaha, eti? Chukua karatasi. Siku ya pili 200, ya tatu 400. Siku ya nane 12,800. Siku ya 15 peke yake ni zaidi ya dola milioni 1.6. Siku ya 25 unadaiwa dola bilioni 1.6 na ushei, kwa siku hiyo moja. Mahakama ya Rufani ikaweka kikomo cha milioni moja kwa siku, na hiyo nayo ilitosha. Wafanyakazi wa mji walianza kuambiwa wajiandae kupunguzwa. Septemba mwaka huohuo madiwani wakapiga kura ya kutii. Katika kipindi chote hicho jaji alikuwa anatishiwa maisha, na mbele ya umma watu wakimwita kila jina.

Ila Sand alikuwa amewapiga faini na madiwani wenyewe mmoja mmoja, dola 500 kwa siku, kwa kuipinga amri. Januari 1990 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema hapo alivuka mpaka: angeubana mji kwanza aone, kabla ya kumbana diwani kwa jinsi anavyopiga kura yake. Mimi naona wale wanne walikuwa na hoja nzuri zaidi, kwani waliokuwa wanakaidi ni watu, mji haupigi kura. Lakini maoni yangu hayana mhuri. Nyumba 200 zilijengwa. Kesi yenyewe ilifungwa kwa mapatano mwaka 2007, miaka 27 toka ifunguliwe, na Sand alikuwa bado anaishikilia. Hakuna rais wala meya aliyedumu naye.

Sasa Nairobi na Dar. Unajua waliokufa: 213 Nairobi, 11 Dar es Salaam, wengi mno wakiwa Waafrika waliokuwa kwenye shughuli zao. Kesi ilikwenda New York kwa sababu waendesha mashtaka wa pale walikuwa wameshaanza kuichunguza al-Qaeda, na walikuwa na hati ya mashtaka ya siri dhidi ya Osama bin Laden toka Juni 1998, miezi miwili kabla ya mabomu. Washtakiwa wanne walifikishwa mbele ya juri: Wadih el-Hage, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon aliyewahi kuishi Nairobi, Mohamed Odeh, Mohamed al-'Owhali, Msaudi, na Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar.

Kabla hata ya ushahidi, kesi ilishakuwa na damu. Juni 1999, katika kikao cha maandalizi, el-Hage aliruka kutoka alipokaa akamkimbilia jaji, askari wa mahakama wakamdaka na kumlaza chini kabla hajafika. Novemba 2000 mshtakiwa mwingine, ambaye baadaye kesi yake ilitengwa, alimchoma askari magereza jichoni kwa kitana kilichochongwa. Jaji aliyekimbiliwa namna hiyo anatakiwa siku inayofuata asikilize ombi la mtu yuleyule kama vile hakuna kilichotokea. Ukiniuliza sifa ya kwanza ya jaji wa kesi za jinai, elimu nitaiweka nyuma kidogo. Nitaanza na hiyo.

Juri nalo likoje? Ni raia 12 wa kawaida, dereva, muuguzi, karani, waliochaguliwa baada ya kuhojiwa na kuchujwa. Katika kesi hii majina yao yalifichwa, walijulikana kwa namba. Wao ndio wanaoamua mtu ana hatia au hana. Usiwalinganishe na wazee wa baraza tuliowazoea sisi, ambao walikuwa wakitoa maoni na jaji akiamua kuyafuata au kuyaacha. Hawa wakisema "hana hatia", jaji hata akiwa na uhakika wa asilimia mia anafunga faili. Kazi ya jaji ni kuamua masikio ya watu hao 12 yasikie nini. Mamlaka yake makubwa yako hapo, na karibu yote yanatumika juri likiwa limetolewa nje, kwenye kile ambacho mawakili wetu wanakiita kesi ndani ya kesi.

Tazama maamuzi mawili madogo ya Sand, yote yanatoka Nairobi.

La kwanza. Agosti 1997, mwaka mmoja kabla ya bomu, nyumba ya el-Hage Nairobi ilipekuliwa na polisi wa Kenya wakiwa na maofisa wa Marekani, kompyuta ikachukuliwa. Mawakili wake wakasema: huyu ni raia wa Marekani, Katiba inamlinda dhidi ya upekuzi holela popote alipo, na hapakuwa na hati ya jaji wa Marekani. Sand alikubali nusu ya hoja: ndiyo, Katiba inamfuata raia wake hata Nairobi. Lakini akasema upekuzi wa kijasusi nje ya nchi, ulioidhinishwa na wakubwa wanaotakiwa kuidhinisha, hauhitaji hati ya hakimu wa Marekani. Kielelezo kikaingia.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Al-'Owhali alikamatwa Nairobi siku chache baada ya mlipuko, na akahojiwa hukohuko na maofisa wa Marekani. Alikiri. Swali: Msaudi aliyehojiwa Kenya, mikononi mwa polisi wa Kenya, ana haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili kama mtu aliyekamatwa Manhattan? Serikali ilisema hapana. Sand alisema kama mtakuja kumshtaki kwenye mahakama ya Marekani na kuyatumia maneno yake dhidi yake, basi ndiyo. Akaisoma fomu ya onyo aliyosomewa al-'Owhali na kuona inamweleza mtu kwamba wakili angempata kama wangekuwa Marekani, bila kumwambia kwamba anaweza kuomba na hapo Kenya akajaribiwa kutafutiwa. Hebu pima ujasiri wa kuandika maneno hayo kesi ikiwa ya watu 224 waliokufa, na maelezo hayo ya kukiri yakiwa ndiyo mhimili wa upande wa mashtaka dhidi ya mtu huyo. Serikali ikaomba asikilize tena. Akasikiliza, akaona kwamba siku fulani katikati ya mahojiano mwendesha mashtaka alimweleza mshtakiwa haki zake kwa mdomo, kwa ukamilifu zaidi. Yale aliyosema baada ya hapo juri likayasikia. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani iliuacha uamuzi huo usimame.

Usikilizwaji mbele ya juri ulianza Februari 5, 2001. Manusura kutoka Nairobi na Dar walisafirishwa kwenda kueleza yaliyowapata. Mei 29 juri lilirudi na majibu: hatia kwa wote wanne, mashtaka 302, ndiyo baada ya ndiyo.

Hapo ndipo tunafika kwa Mtanzania wako. Khalfan alipatikana na hatia ya kusaidia bomu la Dar, lililoandaliwa kwenye nyumba ya kupanga Ilala. Baada ya mlipuko alikimbilia Cape Town, akafanya kazi kwenye mgahawa, na Oktoba 1999 alikamatwa huko na kukabidhiwa kwa Wamarekani ndani ya siku mbili. Katika wale wanne, ni yeye na al-'Owhali tu walioombewa adhabu ya kifo.

Kwa sheria ya shirikisho, jaji hawezi kutoa adhabu ya kifo peke yake. Juri linarudi kukaa upya kwa ajili ya adhabu tu, na ni lazima wote 12 wakubaliane. Akikataa mmoja, basi. Sand aliwaambia wazi: mkishindwa kuafikiana, nitatoa kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka. Juni walishindwa kuafikiana kuhusu al-'Owhali. Kwenye fomu yao wengi waliandika kwamba kumuua kungemfanya shahidi wa dini machoni pa wafuasi wake. Julai wakashindwa pia kuhusu Khalfan.

Na kuna jambo ambalo magazeti yetu yalilipitia juujuu. Mei 28, 2001, siku moja kabla ya juri kutoa uamuzi wa hatia, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali yake ilivunja Katiba ilipomkabidhi Khalfan bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Mtu alishaondoka, hakuna cha kumrudisha. Majaji wale wakaagiza hukumu yao nzima ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York. Mahakama ya nchi moja inaandikia mahakama ya nchi nyingine kwa mhuri wake: huyu tulimtoa kwa makosa. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona barua ya namna hiyo mara nyingi.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako: Khalfan hakuuawa kwa sababu watu 12 wasiojulikana kwa majina hawakuwa na neno moja, na sheria haikumpa jaji nafasi ya kujaza pengo lao. Oktoba 18, 2001 Sand aliwapa wote wanne kifungo cha maisha bila kutoka. Mahakama ile iko Foley Square, mitaa michache tu kutoka mahali ambapo maghorofa mawili ya World Trade Center yalikuwa yameanguka siku 37 kabla, na mji ulikuwa bado unanuka moshi. Aliamuru pia walipe fidia ya dola milioni 33, ingawa washtakiwa walikuwa wanatetewa na mawakili wanaolipwa na mahakama kwa sababu hawana kitu.

Miaka tisa baadaye kesi ileile ilirudi kwa sura nyingine. Ahmed Ghailani, naye wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan 2004, akashikiliwa na CIA, akapelekwa gereza la kijeshi la Marekani la Guantánamo, kisha New York 2009. Safari hii aliyekaa kitini alikuwa Jaji Lewis Kaplan, aliyeteuliwa na Rais Clinton. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Mtanzania ambaye angesema alimuuzia Ghailani baruti, lakini jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na mahojiano ya CIA ambayo hayakuwa ya hiari. Oktoba 2010 Kaplan akamzuia shahidi asitoe ushahidi. Juri likamwachia Ghailani mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja. Wanasiasa wakapiga kelele wiki nzima. Januari 2011 Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa shtaka hilo hilo moja, kisha akarudi kwenye gurudumu. Mwaka 2023 ndiye aliyesikiliza kesi ya Sam Bankman-Fried, yule kijana wa sarafu za mtandaoni, na mwaka uliofuata akamfunga miaka 25.

Sand alifariki Desemba 2016, akiwa na miaka 88, bado ana cheo cha jaji.

Video sasa. Hutaipata, usihangaike. Mahakama za shirikisho haziruhusu kamera kwenye kesi za jinai, na hazikuruhusu mwaka 2001. Mtu yeyote alikuwa huru kuingia na kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, wewe mwenyewe ungekuwa New York ungeingia, lakini simu na kamera unaziacha mlangoni. Kilichobaki ni michoro ya rangi iliyochorwa na wachoraji wa magazeti, na mwenendo wa kesi uliochapwa neno kwa neno, maelfu ya kurasa, siku hadi siku. Huo unapatikana mtandaoni. Mwombe kijana yeyote anayejua Kiingereza cha mahakamani akusaidie, na mkaanze na siku ambazo manusura wa Nairobi na Dar walipanda kutoa ushahidi.